Tachi ama Ishara za Mkono? Soma Hii Kabla Umwage Doh Yako kwa Apu

Kuna siku nilisimama kwa mall moja ya Nairobi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa mbili usiku, nimevaa tisheti ya kampuni ambayo sitaitaja ju bado natafuta kazi kwa hii tao. Ilikuwa gigi ya matangazo. Skrini kubwa kuliko mlango wa keja yangu, kamera imefungwa juu yake, na stika ya nyayo mbili chini kwa sakafu. Unasimama kwa hizo nyayo, unapunga mkono hewani, unachagua zawadi yako. Hakuna kugusa kitu. Mdosi alituambia watu watapagawa.

Saa tano hivi, mathe mmoja akasimama pale. Anataka mwavuli. Nyuma yake kuna watoi wawili wanaruka na kupunga mikono pia, na kamera haikujua mkono upi ni wa nani. Mathe akapewa kalamu. Hakuikasirikia mashine, alinikasirikia mimi. Saa kumi jua likaingia kupitia vioo vya upande wa parking, na mtambo wote ukawa kipofu. Saa kumi na moja msee wa boda akaleta tablet ya kuazima, ile ya kubonyeza kawaida, tukaiweka juu ya kiti cha plastiki. Foleni iliisha kwa nusu saa.

Kama wewe huunda apu, ama una biashara na kuna chali amekuahidi mfumo wa "kupunga tu", hii stori inakuhusu. Kuna mtu alipoteza ganji ndefu siku hiyo, na angeweza kujua mapema kwa kujiuliza maswali machache.

Kwanza tuelewane

Watu wengi huchanganya hizi vitu. Kutelezesha kidole kurudi nyuma, kuvuta picha na vidole viwili ikuwe kubwa, kushusha vidole vitatu upige picha ya skrini: hiyo yote bado ni tachi. Kidole kiko kwa kioo. iPhone X ilipotoa kitufe cha chini mwaka wa 2017, na Android 10 ikaleta mtindo kama huo 2019, watu walisema simu sasa zinaendeshwa kwa ishara. Sawa, lakini ni ishara za juu ya kioo. Tukisema ishara za mkono hapa, tunamaanisha mkono uko hewani na mashine inauangalia kutoka mbali.

Tachi yenyewe ina aina mbili ambazo utakutana nazo. Ile ya kitambo inataka kufinywa. Kuna tabaka mbili nyembamba, ukizifinya zinagusana, simu inajua ni wapi. Kama ulikuwa na Nokia 5800 XpressMusic ya 2008 unajua vile ilikuwanga: ukucha unafanya kazi, kalamu inafanya kazi, hata kijiti cha kiberiti. Ya pili, ambayo iko kwa simu yako sahii, haihitaji nguvu. Kioo kina umeme kidogo sana umetandazwa, na kidole chako, ju mwili hupitisha umeme, kinauvuruga mahali kimegusa. Hiyo idea si ya juzi. Mwingereza anaitwa E. A. Johnson aliiandika 1965 akifanya kazi kwa kituo cha utafiti wa rada pale Malvern. iPhone ya 2007 ndiyo iliifanya ikuwe kitu ya kila mtu.

Ukijua hiyo siri ya umeme, unaelewa mbona tachi hukusumbua mvua ikinyesha. Tone la maji pia huvuruga umeme, so simu inadhani una vidole kumi na tano. Glavu ya kazi inazuia, so simu inadhani hauko. Na ile skrini ya bei ya kutupa uliwekewa Luthuli, baada ya wiki mbili ikaanza kujibonyeza yenyewe na kupigia ex wako saa nane usiku? Hiyo mara nyingi ni waya za kusoma mguso zimelegea ama ni kioo hafifu. Usilaumu wachawi.

Mashine inaonaje mkono wako?

Kuna njia kadhaa, na bei zake haziko pamoja hata kidogo.

Ya rahisi ni kamera ya kawaida pamoja na programu. Google walitoa kitu inaitwa MediaPipe Hands mwaka wa 2019. Inachukua picha ya mkono na kuweka alama 21 kwa viungo: ncha za vidole, vifundo, kifundo cha mkono. Inafanya kazi ndani ya simu yenyewe ama hata ndani ya browser, so huhitaji kutuma video kwa seva. Ni ya bure. Mwanafunzi yeyote mwenye laptop anaweza kuijaribu leo usiku, na ndiyo maana unaona video nyingi za wasee wakiongeza sauti kwa kupanua vidole. Kwa meza yao, na taa nzuri, na bila mtoi nyuma.

Ya pili ni mwanga usioonekana. Kinect ya Microsoft, iliyotoka Novemba 2010, ilikuwa inarusha madoa ya infrared kwa chumba chote halafu inapima vile yamekaa ili ijue umbali. Hiyo haikuhitaji taa, ungecheza gizani. Shida ni kwamba jua nalo limejaa infrared. Ukiitoa nje saa saba mchana, madoa yake yanamezwa kabisa. Nikikumbuka ile mall, sijui ndani ya ile boksi kulikuwa na nini, lakini vile jua liliipiga nina mashaka yangu.

Ya tatu ni rada. Google walificha rada ndogo kwa Pixel 4 ya 2019, wakaiita Motion Sense. Unapitisha mkono juu ya simu, wimbo unaruka. Ilitumia mawimbi ya 60 GHz, na India haikuwa imeyaruhusu, so Pixel 4 haikuuzwa India kabisa. Hebu fikiria: soko la watu zaidi ya bilioni moja, limekosa simu ju ya kuruka wimbo bila kugusa. Pixel 5 ilipotoka 2020, rada ilikuwa imetolewa. Kama unaota kuleta kifaa cha aina hiyo Kenya, jua kwamba vifaa vya mawimbi hupitia kwa Communications Authority kwanza.

Halafu kuna saa ya mkononi. Apple Watch ya 2023 inasikia ukigonganisha kidole gumba na cha shahada mara mbili, inapokea simu. Hiyo mimi naipenda, ju kawaida mkono mwingine umeshika kitu.

Makaburi ya ishara

Samsung Galaxy S4, 2013. Tangazo lilikuwa noma: unapunga, picha inasonga, unaangalia kando, video inasimama. Uliza mtu yeyote alikuwa nayo kama alitumia hizo vitu baada ya mwezi wa kwanza. Leap Motion, mwaka huohuo, kidubwana cha dola 80 cha kuweka mbele ya kompyuta uiendeshe na vidole hewani. BMW 7 Series ya 2015, unazungusha kidole, redio inapanda. Na Kinect yenyewe: iliuza vipande milioni 8 kwa siku 60 za kwanza hadi ikaingia Guinness, halafu 2013 Microsoft wakalazimisha kila mnunuzi wa Xbox One ailipie ndani ya boksi la dola 499. Mwaka uliofuata wakatoa Xbox bila Kinect kwa dola 399. Kufikia 2017 waliacha kuitengeneza.

Hizi ni kampuni zenye mainjinia wa nguvu na pesa isiyoisha. So kama zilishindwa, si ju hazikujua kuandika programu. Shida ni zile zile, na zitakupata hata wewe.

Mkono huchoka. Inua mkono wako sahii mbele ya uso, kana kwamba unafuta ubao, ukae hivyo dakika tatu. Umesikia bega? Wataalamu wana jina la utani la hiyo, mkono wa sokwe. Ile filamu ya Tom Cruise ya 2002, Minority Report, ambapo anapanga video hewani na glavu, ndiyo iliharibu vichwa vya watu wengi. Inakaa fiti kwa sinema. Jaribu kujibu imeli hivyo kutoka asubuhi hadi saa kumi na moja.

Mashine haijui kama unaongea na yeye. Hii ndiyo kubwa zaidi, na watu huidharau. Kidole kikiwa mbali na kioo, tachi inajua huna maneno. Ukigusa, una maneno. Lakini mkono hewani uko kazini kila saa: unafukuza mbu, unasalimia jirani, unatoa nywele kwa macho, na sisi Wakenya ukitutoa mikono hatuwezi hata kuelekeza mtu stage. Kila ishara inahitaji njia ya kusema "hapa naanza" na "hapa nimemaliza", na hiyo ni kazi ya ziada kwa mtumiaji.

Hakuna kitu cha kugusa. Kidole kikifika kwa kioo kinasimama, ngozi inakuambia umefika. Hewani huna ushahidi. Unapunga, unangoja, hakuna kitu, unapunga tena, mara inafanya mbili.

Na ishara hazionekani. Kitufe kimeandikwa LIPA, hata shosh akivaa miwani anakiona. Ishara lazima ufundishwe na uikumbuke. Apu ambayo mtu huifungua mara moja kwa mwezi haitakumbukwa ishara zake hata moja.

Niongeze moja ambayo inatuhusu sisi zaidi. Programu za kamera hufundishwa kwa picha, na kama picha zilikuwa za watu weupe tu, ngozi nyeusi kwa taa hafifu inakuwa shida. Mwaka wa 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo ya kutambua jinsia kwa uso. Mmoja ulikosea wanawake wenye ngozi nyeusi kwa asilimia 34.7, na wanaume wenye ngozi nyeupe kwa asilimia 0.3 tu. Zile zilikuwa nyuso, si mikono, lakini funzo la kupima linabaki: jaribu apu yako na mikono ya watu watakaoitumia, saa moja usiku, taa ya mtaa ikiwa imezimika.

Lakini usiizike bado

Kuna mahali ishara inachapa tachi bila huruma. Fikiria daktari katikati ya upasuaji. Glavu zake ni safi, ametaka kuangalia picha za ndani za mgonjwa kwa skrini. Akigusa kompyuta, lazima abadilishe glavu na kunawa upya. Pale Toronto, hospitali ya Sunnybrook walijaribu Kinect kwa chumba cha upasuaji kwa hiyo sababu: daktari anapunga, picha inasonga, mikono inabaki safi. Hapo ishara iliondoa shida ambayo ilikuwa inakula muda kila siku. Linganisha na kuruka wimbo.

Ama mtu ambaye mikono yake haifanyi kazi. Tangu 2021 Android ina kitu inaitwa Camera Switches. Kamera ya mbele inaangalia uso: ukitabasamu ni ndiyo, ukiinua nyusi ni songa mbele, ukifungua mdomo ni rudi. Unachagua mwenyewe. Kwa huyo mtu, swali la tachi ama ishara lilishajibiwa, na apu yako ikikataa kuongea na huo mfumo umemfungia nje ya akaunti yake mwenyewe. Kabla uongeze rangi mpya kwa apu, washa hiyo kitu kwa simu yako ujaribu kutuma mia moja na nyusi.

Sehemu nyingine ni zile miwani kubwa za kuvaa kichwani. Hapo hakuna kioo cha kugusa. Apple Vision Pro, iliyotoka Februari 2024 kwa dola 3,499, inafuata macho yako, na vidole viwili vikikutana ndiyo kubonyeza. Kitu moja walicheza nayo vizuri ni kwamba mkono unaweza kulala tu kwa paja. Shida ya sokwe imeisha hapo. Bei sasa ndiyo sokwe.

Na lugha ya ishara je? Hapa kuweni makini. Lugha ya Ishara ya Kenya iko kwa Katiba ya 2010, ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Si kupunga. Ina sarufi, na uso ni sehemu ya maneno. Roy Allela, Mkenya, aliunda glavu za Sign-IO ambazo husoma vidole na kutoa sauti kwa simu, na wazo lilitoka kwa mpwa wake ambaye hasikii. Ukitaka kuingia hiyo njia, ingia na watu viziwi ndani ya timu kutoka siku ya kwanza, si kuwaita siku ya kupiga picha.

Tachi nayo si malaika

Agosti 2017, karibu na Singapore, meli ya kivita ya Marekani USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta. Mabaharia 10 walikufa. Wachunguzi walipata kwamba usukani na nguvu za injini zilikuwa zinaendeshwa kwa skrini za kugusa, na wakati wa kuhamisha kazi kutoka meza moja hadi nyingine watu walichanganyikiwa nani anashikilia nini. Hakikuwa chanzo cha pekee, mafunzo pia yalikuwa mabaya. Lakini 2019 jeshi la majini likasema litarudisha mikono ya chuma ya kuvuta. Mabaharia wenyewe walikuwa wameomba hivyo.

Hata Euro NCAP, wale hupima usalama wa magari Ulaya, kuanzia 2026 wanataka vitu kama indiketa, honi na waipa viwe na vitufe halisi ndiyo gari lipate alama za juu. Sababu ni rahisi: kitufe unakipata bila kuangalia. Kioo lazima ukitazame.

So kama apu yako ni ya mtu wa boda ama dere, usidhani jibu ni kuchagua kati ya hizi mbili. Akiendesha, mikono iko kwa usukani na macho yako kwa barabara. Anahitaji sauti, ama kitufe kimoja kikubwa cha kukubali, na apu inayonyamaza gari likitembea. Hapo kosa lako linaweza kuua mtu, si kupoteza mteja tu.

Na kabla tufike mbali, kuna wale hawana hata tachi. Mteja wako akiwa na kabambe, *334# itakushinda asubuhi na jioni.

Sasa uamue vipi

Jiulize mikono ya mtumiaji iko wapi na imeshika nini. Si kwa ofisi yako, kwa maisha yake. Ako kwa mathree amesimama, mkono mmoja kwa chuma? Basi ni tachi ya kidole gumba. Mwaka wa 2013 Steven Hoober aliangalia watu 1,333 wakitumia simu hadharani, na kati ya wale walikuwa wanagusa skrini, asilimia 49 walitumia mkono mmoja tu. Vitu vya muhimu viweke chini ambapo gumba linafika, na vya kufuta akaunti viweke mbali. Android wanasema kitufe kiwe angalau dp 48 kila upande, Apple wanasema pointi 44. Hiyo ni kama milimita 9 hivi kwa Android. Pima na rula kama huamini, halafu uone vile vitufe vya apu nyingi za mkopo ni vya kuku kudonoa.

Ako jikoni na unga wa chapo hadi kwa kiwiko, anataka kuona hatua inayofuata? Hapo ishara moja, moja tu, ya kupitisha mkono, inaweza kusaidia. Si ishara kumi na mbili. Moja kubwa ambayo huwezi kuifanya kwa bahati mbaya, na kitufe cha kawaida kibaki hapo chini. Hiyo ya kubakisha kitufe si roho safi tu. Miongozo ya kimataifa ya WCAG 2.1, ya 2018, inasema kitu kinachoendeshwa kwa kutikisa simu ama kupunga kiwe pia na njia ya kawaida, na mtu aweze kuizima.

Pesa isikamilishwe na ishara. Kamwe. Ishara inaweza kufungua ukurasa, lakini PIN ni ya kidole. Umesikia kuhusu mathe na kalamu, sasa fikiria ilikuwa rent.

Pia kumbuka simu za wateja wako. Kamera ikikaa macho muda wote inakula betri na kupasha simu moto, na wengi wako na Android za bei ya chini ambazo tayari zinapumua kwa shida. Zaidi ya hapo unarekodi watu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka uwaeleze unachukua nini na kwa nini. "Hatuhifadhi video" ni sentensi fupi, iweke mahali inaonekana, na ikuwe ya kweli.

Kama bado huna uhakika, usiunde kitu. Fanya hivi: weka skrini mbele ya mtu, mwambie apunge, na beshte yako ajifiche nyuma na mouse akiendesha kila kitu kulingana na anachoona. Mtumiaji atadhani inafanya kazi. Fanya na watu kumi, wengine warefu, wengine na mtoto mgongoni, wengine wamebeba shopping. Kama hata beshte yako, ambaye ni binadamu mwenye macho mawili, anashindwa kujua nani anapunga nini, kamera haitamshinda. Gharama ya hiyo ni soda na alasiri moja.

Na kama mteja atasisitiza anataka tu watu washangae, sawa, hiyo pia ni biashara, kuna siku watu hulipia kushangaza. Enda uone mahali skrini itasimama saa kumi jioni, uangalie jua linaingilia wapi. Kisha uulize ni nani atakuwa hapo kuongea na mathe akikosa mwavuli. Wakisema ni wewe, ongeza bei.